Karatasi Yako Ililala Kifudifudi

Yaya Mechak, kaka yangu mkubwa,

Kerene ameweka kiganja chake juu ya barua hii sasa hivi. Ile alama nyeusi hapo juu, vidole vimetawanyika kama unyayo wa kuku, si wino. Nilikuwa nimetandaza plani yako kitandani, nikageuka kidogo kutafuta biki, na mwanangu akapanda, akakaa katikati ya nyumba uliyoichora, akaanza kuipigapiga kwa mikono miwili huku akiimba wimbo wake usio na maneno. Nilipomnyanyua alijifuta kwenye blauzi yangu, kisha akaegemea meza na kuacha mkono wake hapa. Nikafungua mdomo nimgombeze. Halafu nikakitazama kile kiganja, nikafunga mdomo. Kilikuwa cheusi kwa krayo yako, penseli yako ile laini.

Hukumjua mpwa wako huyu. Anatembea kama mlevi aliyetoka harusini na anacheka kwa pua, kama wewe. Siku nyingine nitakuandikia habari zake tu. Leo nakuandikia kwa sababu nina haya, na haya hii sijapata nguvu ya kuipeleka kwa mtu anayeweza kunijibu.

Nianze na jambo lenyewe. Tunajenga nyumba yako. Ile uliyomchorea Mama kwenye kalke, karatasi ile laini ya kuona mpaka upande wa pili, kabla ugonjwa haujakutoa shuleni Lubumbashi na kukurudisha kwetu Likasi, na kabla haujakutoa kwetu kabisa. Mitaro ya msingi imeshachimbwa hapa parseleni, kiwanjani kwa Mama, karibu na kajumba ketu ka zamani. Papa Kabamba, masoni wetu, fundi wa kujenga, anangoja gari la mawe kutoka Kakontwe. Mawe yakishuka mtaroni na saruji ikimwagwa juu yake, imekwisha.

Na mitaro hiyo imechimbwa kinyume, yaya. Jikoni iko mahali pa chumba cha Mama, na chumba cha Mama kiko mahali pa jikoni. Hakuna anayejua isipokuwa mimi. Na aliyegeuza ni mimi.

Unakumbuka chokaa? Ulikuwa unarudi likizo na begi la nguo chafu na rula ndefu ambayo Mama aliiita fimbo ya mchungaji asiye na ng'ombe. Kabla hujala, unakwenda kuomba chokaa kidogo kwa wale wababa wanaorudi kutoka kwenye machimbo ya mawe, weupe mpaka kope. Unafagia uwanja. Halafu unaniita nije.

"Kuya, lala chini."

"Nilale chini juu ya nini?"

"Nikupime."

"Minye si maiti!"

"Maiti hasemake mingi vile. Weye lala."

Nalala. Unaniambia nifungue mikono, nikunje magoti, nigeuke upande kama mtu anayetafuta usingizi, na kila ninapogeuka unamwaga chokaa pembeni yangu kwa vidole, polepole, kama unavyotia chumvi. Nikicheka unakasirika kwamba mstari umetetemeka. Nikiamka naona pale chini mahali panaponitosha kulala, na nashangaa kila mara, maana mimi nilijiona mdogo, lakini usingizi wangu ulikuwa mkubwa.

Baadaye ni beseni. "Beba maji, pita hapa. Sasa banakuita, geuka." Nageuka na beseni kichwani, na kiwiko kinapita juu ya mstari.

"Umegonga."

"Sikugonga kintu! Ni mupepo tu hapa!"

"Umegonga ukuta. Njo kusema mulango iko mudogo."

Na unaufuta ule mstari kwa mguu, unausogeza. Halafu unaniambia nisonge bukari. Nachuchumaa mbele ya mbabula ya makaa isiyokuwepo, nashika mwiko usiokuwepo, nasonga, na wewe unazunguka ukiangalia mabega yangu kama daktari. "Unaona? Kiwiko inaomba fasi." Jirani yetu Mama Odia, wa ng'ambo ya ua, alikuwa anaweka kidevu juu ya matofali na kutuangalia.

"Mechak! Njo kusema kule Lubumbashi banafundishaka kusumbua mudogo yako?"

"Mama Odia, kuya nikupime na weye! Lakini chokaa haitatosha!"

Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Siku hizo alikuwa bado anatupenda bila kutupima.

Mama mwenyewe alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, akigeuza samaki. Hilo nalo lazima nikukumbushe, maana nyumba yote ilitoka kwenye wale samaki. Walikuwa wanafika kutoka ziwa Tshangalele, wamekaushwa nusu, na Mama anawarudisha juu ya moshi hapa nyumbani ili wasiharibike kabla ya soko. Moshi huo ndio uliotulisha, na moshi huo ndio uliomkaa kifuani. Usiku wa baridi alikuwa anakohoa, na wewe kitandani ulikuwa hulali, nilikuwa nakusikia usivyolala. Asubuhi moja ulichukua nyasi kavu, ukaziwasha katikati ya uwanja, ukasimama umeweka mikono kiunoni kuangalia moshi unakwenda wapi. Ukarudia kesho yake. Wakati wa kiangazi moshi ulikwenda kila siku upande ule ule, kutoka jua linakotoka kwenda jua linakoshukia.

"Basi jikoni inaenda kule mwisho, ku mangaribi," ulisema. "Moshi itoke, isipite mu nyumba hata kusalimia."

Na chumba cha Mama ukakipeleka upande wa pili, upande wa asubuhi. Siku hiyo ulichora yote kwa chokaa, ukanipitisha ndani na beseni: unaingia mlango wa barabarani, kulia jikoni, kushoto kwa Mama. Nilipita mara nyingi sana, mpaka Mama akasema, "Acha mutoto apumuzike, atatoboa udongo." Lakini kabla ya jioni Mama aliangalia vizuri akasema mlango wa jikoni umekaa mahali ambapo maji ya mvua yanapita. Majirani walikuwepo, na Mama Odia na kidevu chake. Wewe ulicheka kwa pua, ukaburuta mguu juu ya kazi yako yote, vumbi jeupe likapanda.

"Mama anasema kweli. Tunaanza tena."

Mimi niliumia kwa ajili yako. Nilifikiri watakucheka. Nikakuuliza huoni haya, kila siku unafuta. Ukaniambia, "Mustari inafutikaka, ukuta hapana. Njo maana tunachora." Niliona ni maneno ya shule, nikaenda kuosha miguu.

Mimi shule niliiacha mapema; kuandika najikokota herufi kwa herufi, na Kifaransa hakikuniingia. Tunajua sababu, na hatukuwahi kuisema: nguvu ya kwetu ilitosha kusomesha mmoja, na mmoja huyo alikuwa wewe. Sikukununia, yaya. Lakini nafikiri wewe ulilibeba, kwa sababu ulipohamisha nyumba kutoka kwenye chokaa kwenda kwenye kalke, hukuandika hata neno moja. Wenzako wanaandika majina ya vyumba kwa Kifaransa. Wewe ulichora chungu mahali pa jikoni, na samaki wanaoning'inia nje yake. Ukachora kitanda chenye shuka la maua kwa Mama, beseni mahali pa kuogea. Pembeni, upande wa kitanda cha Mama, ukachora jua dogo lenye nywele.

"Hii ata mbuzi anaweza kusoma," nikasema.

"Mbuzi na weye," ukasema. "Nimeifanya yako. Siku siko, weye njo utasomea masoni."

Ulitaka kusema siku ukiwa shuleni. Mimi nimeendelea kuisikia vingine.

Na jua lile nilikuuliza, maana lilikuwa baya, linafanana na nungunungu. Ukasema ni jua la Mama, la asubuhi. Katika baridi ya mwezi wa sita aamke likiwa juu ya miguu yake. Uliniambia, yaya. Sitasema hukuniambia.

Baada ya kukuzika, Mama aliingiza karatasi ndani ya bomba la plastiki, akaziba kwa kitambaa pande zote mbili, akaiweka juu ya kabati. Haikutolewa. Mimi nikaolewa, na Baba Kerene akakubali tukae hapa na Mama, maana kifua chake hakiruhusu akae peke yake. Bwana wangu ni mtu wa maneno machache. Anafanya kazi uzine, kiwandani, zamu hii na zamu ile, na kila akirudi alikuwa anachimba kile kichuguu kilichoko nyuma, tukafyatua matofali, tukayachoma wenyewe hapa hapa, parsele yote ikanuka tanuru. Ndugu zake walimwonyesha picha za nyumba kwenye simu, nyumba zenye nguzo. Akawaambia, "Ni ile ya Yaya Mechak, ao hatujenge." Hakukujua hata siku moja, na alisema hivyo.

Nami nikaanza kuringa. Lazima nikwambie jinsi ilivyokuwa. Kisimani, sokoni, kanisani tukitoka misa, popote ilipopatikana nafasi: nyumba yetu ina plani, yaya yangu alikuwa anasomea uarkitekti, kuchora majumba, na anayejua kuisoma hiyo plani ni mimi. Mimi niliyekuwa nanyamaza wenzangu wakisoma matangazo ya parokia kwa sauti. Ilikuwa tamu kuwa na karatasi ambayo wao wote wananiuliza mimi.

Basi siku ya kupima ilifika. Ilikuwa alasiri, maana Papa Kabamba alichelewa. Alitandaza kalke chini, akaweka jiwe kila pembe, mlango umeelekea barabarani. Na aliiweka sawasawa, yaya! Alikuwa ameiweka sawasawa. Watu walikuwa wamesimama, wale wa kila siku, unawajua. Mama Odia siku hizi haweki kidevu uani, anaingia. Papa Kabamba akaangalia karatasi, akaangalia juu, akajikuna.

"Mama Kerene, samahani. Hapa banatia jua huku. Lakini jua, angalia, iko kule."

Wote tukageuza vichwa. Kweli, jua lilikuwa upande mwingine, linateremka zake. Halafu Mama Odia akasema, si kwa ubaya, kwa mchezo tu:

"Muache. Bantu ya masomo, jua yabo inatokaka fasi ingine."

Wakacheka. Mimi damu ikanipanda masikioni. Sikujiuliza jua lile ni la saa gani. Sikufunga macho nikakumbuka chokaa. Niliogopa kwamba watakucheka wewe, hapana, ngoja niseme vizuri, niliogopa watanicheka mimi. Nikaondoa mawe, nikaishika kalke kwa pembe mbili, nikaipindua kama mtu anavyopindua mkeka kuukung'uta vumbi. Mistari ikaonekana upande ule kama huu. Mlango bado barabarani. Chungu ni chungu tu, kitanda ni kitanda tu. Na lile jua lako lenye nywele likaenda kukaa chini ya jua la Mungu kabisa.

"Njo hivi," nikasema.

Papa Kabamba akapiga kiganja juu ya kiganja. "Eeeh! Mudogo ya arkitekti!" Na Mama Odia akasema, "Kumbe anajua." Baba Kerene alikuwa amesimama nyuma na nguo zake za kazi, nikaona alivyonyoosha shingo. Siku hiyo nilipika na kuimba.

Kama ungeandika neno moja tu. Lingeonekana limesimama kinyume, hata Kerene angeshangaa. Uliacha maneno kwa sababu ya kunipenda, na pale pale ulipoyaacha ndipo mimi nilipoanguka. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinaniuma.

Jana asubuhi mafundi walikuwa hawajafika. Nilitoka bombani na beseni la nguo mbichi kichwani, na badala ya kuzunguka mitaro nikasema nipite mlangoni, kama mwenye nyumba. Nikaingia. Na mwili wangu, bila kuniuliza, ukageuka kulia kwenda jikoni, kama ulivyonifundisha, bega kwanza, beseni nyuma. Mguu haukukuta mlango. Ukakuta mtaro. Nikaenda chini na beseni na nguo zote, goti likachunika, mashati ya Baba Kerene yakawa mekundu.

"Mama Kerene!" Ni nani mwingine, Mama Odia na ndoo yake. "Nyumba hata haiyasimama, inaanza kukula mwenye nayo?"

Nikacheka naye, nikasema viatu vyangu vinateleza. Lakini sikuinuka haraka. Nilikaa mle ndani ya udongo, na jua lilikuwa linatoka, mkono wa kushoto wa mtu anayeingia. Lilikuwa linaangaza vizuri sana mahali ambapo tutaweka chungu. Na kwa Mama, upande wa pili, palikuwa bado na kivuli na baridi. Upepo ulikuwa unatoka kule kule jua linakotoka. Nikaona moshi kabla haujakuwepo: unatoka jikoni, unavuka saloni, sebule yetu, unaingia kwa Mama, unalala naye.

Nikajiambia mguu ni mguu tu, haujui kitu. Nikajiambia labda nimesahau, labda ulibadilisha baadaye. Kutwa nzima nilikuwa natafuta njia ya kukufanya wewe ndiye uliyekosea. Uniwie radhi kwa hilo kuliko yote mengine.

Hapana. Kuna lingine baya zaidi. Jioni Mama alikuwa amekaa kigodani pembeni ya mtaro, anautazama kama mtu anayetazama mto. Akaniuliza:

"Mwana yangu, asubui jua itaingia kwangu, sawa Mechak alisema?"

Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na Mama Odia, hapakuwa na masoni.

"Itaingia, mama," nikasema.

"Aa, minye najua. Mechak hakukuwa muntu ya bongo, hakudanganyaka muntu."

Akaanza kukohoa, akaniomba maji. Nikaenda kuyaleta, na nilikaa muda mrefu huko kuliko maji yanavyohitaji.

Leo nilitoa plani kwenye bomba lake ili niiangalie peke yangu, na ndipo Kerene akaipanda. Krayo yako bado inachafua, yaya, baada ya muda wote huu. Nikapitisha kidole changu upande ule alioupiga: cheusi. Nikaigeuza, nikapitisha upande wa pili: safi, laini kama yai. Kumbe ndivyo, mkono wako ulipita upande mmoja tu. Upande unaochafua ndio uso. Nikiuweka uso juu, mlango kwangu, chungu kiko kulia, kitanda cha Mama kiko kushoto na jua lake. Kama mguu wangu ulivyosema. Na ile alasiri, mbele ya watu wote, karatasi yako ililala kifudifudi, na mimi nimesimama juu yake naringa.

Utaniuliza kwa nini sijasema. Hata mimi najiuliza. Simwogopi Papa Kabamba, ni mtu mwema, ameshajenga na kubomoa. Mama Odia atacheka mpaka Pasaka, nitakufa? Sitakufa. Baba Kerene, ndiyo, yeye ananiuma. Ameshawaambia wenzake wa uzine kwamba bibi yake anasoma plani. Atarudi na ile shingo aliyoinyoosha, na itabidi airudishe chini kwa ajili yangu.

Lakini chini kabisa ni hili. Cheti chako cha shule hakipo, hukuimaliza. Picha zako ni mbili tatu, zimefifia. Mimi nilikuwa nasema: kitu alichoniachia yaya ni kujua kusoma nyumba. Kama hata hicho sina, basi kwenye ule uwanja mimi nilikuwa nani? Kipande cha mti cha kupimia? Mtoto aliyelala chini kwa sababu ameambiwa alale?

Nimeandika hapo nikaacha, nikambadilisha Kerene nguo, nikarudi. Na wakati namvalisha nimefikiri hivi. Macho yangu hayakuisoma. Mguu uliisoma. Tangu siku zile za chokaa mguu huu ulikuwa umeishika nyumba yako nzima, kulia na kushoto, na uliposhindwa kuniambia kwa upole ukaniangusha. Kipande cha mti hakianguki hivyo. Kwa hiyo kuna kitu uliniachia, ila mimi nilikitafuta kwenye sifa, na chenyewe kilikuwa gotini.

Halafu nikachukua plani tena, nikaitazama kwa utulivu, bila watu. Na nikaona kitu, yaya, ningependa ungekuwepo nikuonyeshe. Kuta za nje ni zile zile! Ukiigeuza hivi, ukiigeuza vile, mlango uko katikati na zile kuta nne hazihami. Kilichohama ni mitaro ya ndani tu: ule wa jikoni, ule wa kwa Mama, na kile kipande cha korido kilichonila. Kufukia na kuchimba upya ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana. Udongo bado umelala pembeni, haujapigwa hata na mvua. Kama ni jembe, nitashika mwenyewe. Kumbe kilichokuwa kinazuia si mtaro. Ni mdomo wangu.

Mawe yakishashuka, hapo ndipo itakuwa ukuta. Sasa hivi bado ni mstari.

Nimekumbuka ulivyoburuta mguu juu ya chokaa, Mama Odia anaangalia, na wewe unacheka. Mimi nilidhani hukuona haya kwa sababu chokaa haina thamani, au kwa sababu umesoma. Leo nafikiri uliona haya kama sisi wote, ila ulikuwa unaangalia pengine. Ulikuwa unamwangalia Mama, mahali atakapokanyaga. Mimi ile alasiri nilikuwa naangalia watu walionizunguka.

Sitaki kukaa na haya hii ndani ya nyumba yako. Itakuwa mle kila asubuhi, pamoja na moshi, na Mama atakuwa ananishukuru. Hapana. Heri nicheke nayo leo uwanjani. Na parokiani kuna darasa la kusoma la akina mama, nilikuwa nasema nitaanza Kerene akikua; Kerene amekua vya kutosha kunifundisha, naanza mimi. Nataka siku moja nimlaze chini hapo nje, nimzungushie chokaa, nimwambie ageuke, nimwambie tunatafuta mahali pake.

Kitu kimoja nimekifanya bila ruhusa yako. Nimechukua krayo, nikaandika juu ya kile kitanda chenye maua: MAMA. Herufi zangu unazijua, M ya mwisho imelala. Sikutaka kuharibu mchoro wako. Nimeandika ili atakayeishika baada yangu, hata akiwa na haraka, hata akiwa na kiburi

Gari limefika. Nimelisikia likirudi nyuma langoni. Papa Kabamba anapaza sauti: "Mama Kerene! Mawe imefika, kuya utuonyeshe fasi ya kushusha!" Nimemjibu kutoka dirishani wasishushe hata jiwe moja, wangoje. Wamegeuka wote, dereva, vijana wa gari, Mama Odia yuko tayari kwenye ua, na Mama ameinuka kigodani anauliza kuna nini. Yaya, sikukuaga vizuri, uniwie radhi, nabeba plani yako, uso wake juu, natoka kuwaambia mbele ya wote kwamba mimi ndiye